Ukuta wa Nne

Kuta tatu za nyumba hii Bwire alizijenga kwa tofali.
Wa nne aliukuta.
Ni jiwe la Mabatini, kubwa kuliko lori na mzigo wake,
lilikaa hapa kabla Mwanza haijaitwa Mwanza,
naye akaliegemezea bati, akaanza kudai kodi.

Mwezi wa tano akapanda ngazi zetu akihema:
sitini imekuwa themanini. Miezi sita mbele.
Lugata akamuuliza, na huu ukuta wa Mungu, mzee,
nao umepanda bei?
Bwire akacheka mpaka akakohoa. Hakushusha hata mia.

Basi tukaanza kuhama kwa mdomo.
Kila jioni, kabla Lugata hajaenda zamu ya usiku kiwandani,
tulihamia mahali papya mpaka chai ikaisha.

Shemeji alitaka tuvuke daraja, twende Sengerema:
kiwanja huko, asema, ni bei ya baiskeli.
Nikamuuliza, na samaki wa kiwandani watavuka nao
wamfuate Lugata awakate minofu?
Akanyamaza. Nikabaki nasikiliza kuku wake kwenye simu.

Buhongwa tulikwenda na dalali, kijana aitwaye Kasuka,
mwenye dakika zake mwenyewe.
Dakika tano tu kwa miguu, alisema,
tukazitembea dakika tano zake mpaka Minza akavua viatu.
Chumba kilikuwa na marumaru, hakikuwa na dirisha.
"Wateja watatu wananipigia hapa hapa."
Simu yake ilikuwa imezima chaji.

Kisesa ni tambarare.
Hilo ndilo lililonitisha kwanza:
jicho linakwenda, linakwenda, halina pa kugonga.
Vyumba viwili, havijapigwa lipu, arobaini kwa mwezi.
Kisima hatua thelathini toka mlangoni. Nilihesabu,
mimi ninayepandisha ndoo ngazi mia na kumi na mbili
nikafika na robo tatu.

Tukakalia daftari la Minza, ukurasa wa nyuma.
Mabatini: themanini, na kibanda changu Mlango Mmoja
thelathini na tano; miguu ya Lugata bure.
Kisesa: arobaini, na nauli yake thelathini na sita, mia nne;
mashine ya masweta inaingia chumba cha pili,
na shule ziko mbili, na asubuhi za Juni nimewaona
watoto wamejikunyata ndani ya mashati.
Toa hiki kwenye kile.
Lugata akapiga mistari miwili chini ya jibu:
thelathini na nane, mia sita.
"Uamue wewe," akasema. Mwongo.
Alikuwa ameshaanza kulegeza misumari ya kitanda.

Sikumwambia ninachokiacha.
Si ziwa, ingawa toka huku juu lilikuwa letu bila risiti,
na karabai za wavuvi wa dagaa zikijipanga usiku
kama mtaa usio na mwenye nyumba.
Ni joto. Jiwe hunywa jua mchana kutwa
na kulirudisha polepole, mgongoni mwangu,
saa ambazo Lugata yuko kwenye barafu.
Miaka saba nimelala na wawili,
mmoja wa zamu, mmoja wa mawe.
Kama ni dhambi, Bwire alilipwa.

Na kuna ufa, kimo cha bega,
unaopokea mkono wangu na kukataa wa mwingine yeyote.
Humo nimeweka ada, kodi, rambirambi za mama.
Hakuna mwizi aliyewahi kuujua. Wala mume.

Tulihama Jumapili.
Leo mwezi umeisha, masweta kumi na moja yamelipwa.
Kuta nne, zote za tofali, zote zimenyooka.
Nimezipapasa mmoja mmoja gizani
hadi Minza akauliza nimepoteza nini.
Nimesimama na thelathini na nane, mia sita mkononi,
pesa za kwanza kubaki tangu niolewe,
na sijui pa kuziweka.